Chakula cha Hotelini Turbo

Barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba na Uganda hupita Jua Kali, kisha huteremka kidogo kidogo hata Turbo, mji mdogo wa Uasin Gishu ulio yapata kilometa 35 kutoka Eldoret. Msafiri mwenye haraka huona malori yaliyoegeshwa, kituo cha reli, miti ya msitu wa Serikali, na vibao vingi vilivyoandikwa neno "Hoteli". Katika nyingi za hoteli hizo hapana kitanda cha kulala. Pana meza, mabenchi, birika la chai, na mtu anayeuliza, "Ugali na nini?" Swali hilo fupi lina historia ndefu. Vijana wetu hujifunza tarehe za vita na mikataba, na ni vyema wajifunze; lakini kila siku hula chakula ambacho wengi wao hawakijui asili yake.

Tuanze na jina. Watu wa pwani waliita nyumba ya namna hii mgahawa, neno lililotokana na kahawa ya Waarabu. Bara la Kenya lilichagua hoteli. Hapana shaka neno lenyewe ni la Wazungu, na katika siku za ukoloni hoteli za Wazungu zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, dobi au mtumishi wa mezani. Hata katika treni, abiria wa daraja la tatu hakuwa na behewa la kulia. Alinunua mahindi ya kuchoma na ndizi dirishani, kituo kwa kituo. Nadhani mtu wa kwanza aliyetundika neno "Hoteli" juu ya kibanda cha mabati alijua vizuri alilokuwa akilifanya. Alisema kwamba hapa, kwa senti chache, yeyote aweza kuketi, kunawa mikono, na kuandaliwa. Wako wanaocheka vibao hivyo. Mimi siwacheki walioviandika.

Sasa tutazame sahani. Ugali ndio mkubwa wa meza, na watu wengi huamini kwamba wazee wetu waliula hivi tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Wazee wa Wanandi na wa Waluhya walisonga ugali wa wimbi na wa mtama, mweusi au mwekundu, wenye ladha kali kidogo. Mahindi ni mmea wa Amerika. Yaliletwa katika pwani yetu baada ya Wareno kuja, nasi tukayapa jina linaloelekea Bara Hindi, kama kwamba kila kitu cha ng'ambo kilitoka huko. Katika nyanda za Uasin Gishu mahindi yalienea hasa baada ya ardhi kuchukuliwa. Upinzani mrefu wa Wanandi ulivunjwa baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba, 1905. Na mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu, chini ya Jansen van Rensburg, lilifika na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mashamba yakapimwa na kupewa nambari. Eldoret yenyewe ilianzishwa penye shamba nambari 64, na mpaka leo wenyeji huiita Sisibo.

Walowezi walipanda ngano na mahindi. Mbegu za mahindi meupe, kama ile iitwayo Hickory King, zilitoka Afrika ya Kusini, na weupe wake ulipendwa na wanunuzi wa Uingereza waliotaka wanga mweupe. Vibarua wa mashambani walilipwa mshahara mdogo na posho ya unga, mara nyingi yapata ratili mbili kwa siku. Basi fikiri, ewe msomaji: weupe wa ugali wetu ulichaguliwa sokoni na watu ambao hawakula ugali, ukaingia vinywani mwetu kama sehemu ya mshahara. Baada ya kizazi kimoja au viwili ukawa chakula cha mama. Mwaka 1984, ukame ulipoikumba Kenya na mahindi ya njano yakaletwa kutoka Marekani, watu wengi waliyadharau, wakasema ni chakula cha mifugo. Yalikuwa mahindi salama yenye nguvu ya kulisha. Lakini ulimi ulikwisha fundishwa weupe, na ulimi hausomi vitabu.

Jambo lingine la mahindi lafaa kusimuliwa. Katika kituo cha utafiti cha Kitale, si mbali sana na Turbo, wataalamu walianza mwaka 1955 kutafuta mbegu bora. Walichanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu iitwayo H611. Mavuno yaliongezeka sana, na wakulima wadogo waliopata ardhi baada ya uhuru wakaipokea kwa furaha. Hivyo ugali wa Turbo ulikuja kuwa na damu ya milima ya Andes ndani yake.

Chapati na chai zaweza kuelezwa kwa maneno machache zaidi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini wengine walibaki, na Wahindi wengine wakaja wakafungua maduka kila mahali palipokuwa na kituo. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea kupitia Turbo, ikafika Kampala mwaka 1931. Chapati ilisafiri na reli hiyo, na ilipofika Uasin Gishu ilikuta ngano imekwisha pandwa. Chai nayo ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru. Kuichemsha pamoja na maziwa na sukari nyingi ni desturi tuliyojifunza kwa Wahindi. Leo majani hutoka Nandi, maziwa hutoka mashamba ya jirani, na sukari pengine hutoka Nzoia, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1978 kando ya njia hii hii.

Kitu kimoja katika hoteli za Turbo hakikuletwa na reli wala meli. Hicho ni mursik, maziwa ya Wakalenjin yaliyogandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho kwanza husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu. Maziwa hupata rangi ya majivu na harufu ya moshi. Mkimbiaji arudipo na ushindi, hunyweshwa mursik pale pale uwanja wa ndege wa Eldoret. Mgeni anywaye mara ya kwanza hukunja uso, na si vibaya. Siku ya tatu huuliza mwenyewe kama umebaki.

Nikiulizwa chakula hiki ni kizuri kiasi gani, nitasema kweli. Chapati za njiani, zikitoka moto, hazina mpinzani. Maharagwe ni mazuri asubuhi, jioni huwa yameongezwa maji mara nyingi mno. Sukuma wiki huiva kupita kiasi. Chai ina sukari ya kumtosha mtoto na babu yake. Nyama ya mchuzi, tuseme wazi, mara nyingine ni mfupa uliopita karibu na nyama. Hata hivyo dereva aliyelala ndani ya lori akingoja foleni ya mpakani hatafuti maajabu. Ataka kitu cha moto, kizito, anachokijua, kwa bei aliyoizoea. Unga ulipopanda mwaka 2022 hata pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 200, mwenye hoteli alikuwa katika shida ambayo haionekani katika hesabu za Serikali. Akipandisha bei, wateja huondoka. Akipunguza ugali, hunung'unika. Wengi hupunguza ugali, tena kidogo kidogo, na mteja mwenye adabu hujifanya hakuona.

Turbo ni mahali ambapo Mnandi, Mluhya, Mkikuyu na wengine hukaa kwa ukaribu sana. Mmoja huita ugali kimyet, mwingine obusuma, na wote huumega kwa vidole vile vile, kwenye benchi moja, maana benchi ni fupi na wateja ni wengi. Nisingependa mtu adhani kwamba kula pamoja kunatosha kuleta amani. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,000 katika Kenya nzima, na Turbo haikuokoka. Nyumba na biashara zilichomwa, majirani wakakimbilia kituo cha polisi. Waliokimbia na waliofukuza walikuwa wamekula katika hoteli zile zile miaka mingi. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari, 2008. Njiani mambo yalichukua muda mrefu zaidi. Malori yalirudi kwanza, kwa kuwa Uganda ilihitaji mafuta. Madereva wakataka chai. Mtu mmoja akawasha jiko, kisha mwingine. Katika siku kama hizo mteja huangalia kwanza ni nani anayepika kabla ya kuketi. Halafu njaa humshinda, huvuta benchi, na huulizwa kama zamani, "Ugali na nini?"