Jeti Iliyochekwa Ndiyo Iliyobaki

Watu wangu, leo tuongee kuhusu jeti iliyochekwa. Mwaka 1969, kampuni ya Cessna ya Wichita, Marekani, ilirusha mfano wa kwanza wa jeti yake ndogo ya injini mbili, Citation. Mji huo huo ulikuwa nyumbani kwa Learjet, iliyoruka mara ya kwanza 1963 na kusifika kwa mbio. Citation nayo? Mabawa yamenyooka, mwendo wa pole. Wapinzani wakaibandika jina Slowtation, eti hata kunguru wanaigonga kutoka nyuma!

Lakini Cessna walijua wanachofanya. Injini zake za tabofani hazikuwa na kelele nyingi, na mabawa yale yaliiwezesha kutua polepole kwenye viwanja vifupi. Rubani aliyezoea ndege za mapanga aliihamia bila presha. Mwaka 1977 ikaja Citation I/SP, iliyoruhusiwa kuendeshwa na rubani mmoja tu. Citation II ikarefushwa, ikabeba watu zaidi. Halafu Citation X, iliyoruka 1993, ikafika Mach 0.92, karibu na kasi ya sauti. Kicheko kikaisha.

Learjet ya mwisho ilikabidhiwa 2022. Citation bado zinaundwa, na hapa kwetu Wilson, AMREF Flying Doctors wamezitumia kubeba wagonjwa.

Maoni yangu? Tunapenda sana kuuliza nani ana mbio. Cessna waliuliza kwanza mteja atatua wapi. Wewe biashara yako inauliza nini?