Machungwa ya Mombasa na Vidonge vya Dukani

Ukiingia katika duka la dawa katika mji wowote wa Kenya, utaona vichupa vya vidonge vya vitamini vimepangwa kwa rangi za kupendeza. Vipo vya watoto, vipo vya wazee, na vipo vya kila mtu ajionaye mchovu. Mwanafunzi anayekabili mtihani huvitamani akidhani vitamwongezea akili. Mzazi mwenye shilingi chache mkononi husimama akajiuliza: Je, ninunue vidonge hivi vya kumezwa kila siku, au ninunue mboga, mayai na matunda? Swali hili si dogo, maana fedha iliyotumiwa kwa kitu kimoja haiwezi kutumiwa tena kwa kingine. Nami naona kwamba jibu lake halipatikani katika maneno yaliyobandikwa juu ya kichupa. Lapatikana katika historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea hapa kwetu pwani.

Katika mwezi wa Julai, 1497, Vasco da Gama aliondoka Lisbon na merikebu zake kwenda kutafuta njia ya bahari ya kufika Bara Hindi. Chakula cha mabaharia wake kilikuwa mikate mikavu na nyama ya chumvi. Matunda na mboga mbichi zilikuwa adimu. Walipofika pwani ya nchi tuiitayo leo Msumbiji, mapema katika mwaka wa 1498, wengi walikuwa wagonjwa. Mikono na miguu yao ilivimba, na fizi zao zikafura hata zikafunika meno, wasiweze kula. Maradhi hayo ndiyo kiseyeye. Tarehe 7 Aprili, 1498, walitia nanga mbele ya Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na kabla ya siku nyingi kupita wagonjwa wakapata nafuu. Mmoja katika wasafiri hao, aliyeandika habari za safari ile, alimshukuru Mungu kwa kupona kwao, akaeleza kwamba sababu yake ni hewa nzuri ya Mombasa.

Tusimcheke mtu huyo. Jambo aliloliona lilikuwa kweli, ila sababu yake hakuijua. Hewa ya Mombasa yapendeza, walakini haiponyi kiseyeye. Kwa kadiri tujuavyo leo, kilichowaponya ni yale matunda. Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani, na katika kila merikebu walibaki 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari, 1499, wagonjwa waliyatamani machungwa, nao wakaletewa. Lakini wengine walikuwa wamekwisha dhoofu mno, wakafa papo hapo bandarini.

Ilipita karibu miaka 250 kabla ya mtu kulichunguza jambo hili kwa utaratibu. Katika mwezi wa Mei, 1747, tabibu mmoja wa Uskoti, jina lake James Lind, alikuwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury. Alichagua mabaharia 12 waliougua kiseyeye kwa namna moja, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili wa kwanza aliwapa kileo cha matofaa, wawili, matone ya asidi kali katika maji, wawili, siki, wawili, maji ya bahari, wawili, mchanganyiko wa kitunguu saumu, haradali na vitu vingine, na wawili wa mwisho, machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku 6 tu, lakini mmoja wa waliokula alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Lind alitoa kitabu chake katika mwaka wa 1753. Hata hivyo serikali ya Uingereza haikuamuru maji ya malimau yagawiwe katika manowari zake mpaka mwaka wa 1795. Katika muda huo wote mabaharia waliendelea kufa kwa maradhi ambayo dawa yake ilikuwa ikining'inia mitini.

Mfano wa pili watoka katika kisiwa cha Java, kilichotawaliwa wakati huo na Waholanzi. Huko maradhi ya beriberi yaliwalemaza na kuwaua watu wengi. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakipooza miguu kama wagonjwa wa beriberi, kisha wakapona ghafula. Alipouliza aliambiwa kwamba kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliotoka katika jiko la hospitali ya askari, mpaka mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku wa raia mchele wa askari. Tangu siku hiyo walilishwa mchele usiokobolewa sana, wakapata afya. Eijkman alidhani kwanza kwamba mchele mweupe una sumu. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyefahamu katika mwaka wa 1901 kwamba hapana sumu. Kuna kitu kilichopungua, kilichotupwa pamoja na wishwa.

Wazo hilo lilikuwa geni. Watu walizoea kuamini kwamba maradhi huletwa na kitu kibaya kiingiacho mwilini. Sasa walijifunza kwamba maradhi yaweza kuletwa pia na kitu chema kisichoingia. Katika mwaka wa 1912 mtaalamu wa Poland, Casimir Funk, alivipa vitu hivyo jina ambalo ndilo asili ya neno letu vitamini. Leo zajulikana vitamini 13. Kila moja yahitajiwa kwa kiasi kidogo sana. Miligramu 10 za vitamini C kwa siku zatosha kuponya kiseyeye, na chungwa moja la kadiri lina miligramu 70 hivi. Mbuzi hana haja ya chungwa, kwa sababu mwili wake hujitengenezea vitamini C. Mwili wa binadamu hauwezi, basi lazima aipate katika chakula.

Katika mwaka wa 1933 wataalamu waliweza kuitengeneza vitamini C bila tunda lolote, na hapo ndipo kidonge kilipoanza kushika nafasi ya chungwa. Watu wakaanza kufikiri hivi: ikiwa kidogo chamwokoa mtu katika kifo, bila shaka kingi kitampa nguvu kupita wenzake. Mwenye kuieneza fikira hii kuliko wote alikuwa Linus Pauling wa Marekani, mtu mwenye elimu kubwa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia katika mwaka wa 1954 na ya Amani katika mwaka wa 1962. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1970 alishauri watu wameze gramu moja au zaidi ya vitamini C kila siku ili kuzuia mafua. Wengi walimfuata. Lakini majaribio mengi yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba kwa watu wa kawaida vidonge hivyo havizuii mafua. Huyafupisha kidogo tu kwa wale wanaovimeza daima. Sifa ya msemaji, hata akiwa bingwa, haiwezi kushika mahali pa ushahidi.

Baya zaidi lilitokea nchini Ufini. Watu waliokula sana mboga na matunda walionekana kupatwa na saratani ya mapafu kwa uchache. Ikadhaniwa kwamba kinachowakinga ni betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wanaume 29,133 waliovuta sigara walijaribiwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalipotolewa katika mwaka wa 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wasioimeza. Jaribio kama hilo nchini Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake, Januari 1996, kwa kuwa lilionyesha madhara yale yale. Karoti haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kitu kimoja kilichotolewa katika chakula, kikatiwa kwa wingi katika kidonge, ni sawasawa na chakula chenyewe.

Kuna sababu ya kuogopa ziada. Vitamini C ikizidi, sehemu kubwa hutoka katika mkojo, na fedha ya mnunuzi hutoka pamoja nayo. Lakini vitamini A hukaa katika ini, na ikikusanyika mno hudhuru mifupa, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Katika mwaka wa 1973 palipatikana Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mifupa ya mwanamke wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo ilikuwa imevimba kwa ajabu, na wataalamu walioichunguza walitoa rai katika mwaka wa 1982 kwamba huenda mama huyo alikula ini nyingi mno za wanyama wakali. Wengine hawakubaliani nao. Lakini hapana abishaye kwamba vitamini A yaweza kuwa sumu.

Je, basi tuseme kwamba vidonge vyote ni upuuzi? La. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huko Aceh, nchini Indonesia, tabibu Alfred Sommer na wenzake waliwapa watoto wa baadhi ya vijiji vitamini A mara mbili, kwa kupisha miezi 6. Habari iliyotolewa katika mwaka wa 1986 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika vijiji hivyo vilipungua kwa theluthi moja hivi. Watoto wale walikuwa na upungufu, na tone lile likaziba pengo. Kwa sababu hiyo watoto wa Kenya wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa vitamini A katika zahanati kila baada ya miezi 6. Kadhalika, jaribio lililotangazwa katika mwaka wa 1991, lililowahusu wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, lilionyesha kwamba vidonge vya foliki viliipunguza hatari hiyo kwa asilimia 72. Mama mja mzito apewaye vidonge vya foliki na madini ya chuma kliniki asiviache kwa kusikia kwamba vidonge havina faida. Na tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti utiwe vitamini na madini.

Sasa twaweza kumjibu yule mzazi aliyesimama dukani. Kidonge cha vitamini ni kiraka. Nguo iliyotoboka yakihitaji, nguo nzima haikihitaji. Katika mwaka wa 2022 jopo la wataalamu wa Marekani, baada ya kupima majaribio mengi, lilishauri watu wazima wenye afya wasitumie betakarotini wala vitamini E kwa kujikinga na saratani au maradhi ya moyo. Kuhusu vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini nyingi lilisema kwamba ushahidi hautoshi kuamua. Aambiwaye na tabibu au muuguzi kwamba ana upungufu, na avimeze kwa kiasi alichoambiwa. Asiyeambiwa hivyo, shilingi zake zitamfaa zaidi sokoni, katika sukuma wiki, mchicha, mnavu, maharagwe, mayai, maembe na mapera. Na mwanafunzi ajionaye mchovu kabla ya mtihani, ajiulize kwanza kama amelala na kama amekula.

Yule msafiri wa mwaka wa 1498 aliisifu hewa na kuyasahau machungwa yaliyokuwa mkononi mwake. Nasi tusikisifu kichupa tukaisahau sahani iliyo mbele yetu.