Watu Wanane, Abantu Munaana: Historia ya Namba na Maneno ya Kuhesabia kwa Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kawempe

Utangulizi

Mtu anayejifunza Kijapani huambiwa mapema kwamba kujua namba pekee hakutoshi. Watu huhesabiwa kwa neno nin, karatasi na vitu vingine bapa kwa mai, penseli na vitu virefu vyembamba kwa hon, vitabu kwa satsu. Namba na neno hilo, ambalo makala haya yanaliita kihesabio, hufundishwa pamoja, kwa kuwa sauti zake huathiriana: kitu kirefu kimoja ni ippon, viwili nihon, vitatu sanbon. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kawempe, kaskazini mwa Kampala, hukabiliwa na jambo la jamii hiyo hiyo. Hata hivyo, mara nyingi yeye hupewa orodha ya moja hadi kumi pamoja na kanuni moja fupi: namba zenye asili ya Kiarabu hazipatani na nomino. Makala haya yanadai kwamba kanuni hiyo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu ya pili mwanafunzi huyo anayo tayari katika Kiganda.

Kanuni na upungufu wake

Kiswahili husema watu wawili, vitabu vitatu, mayai matano. Lakini husema watu sita, vitabu saba, mayai tisa. Ni kweli kwamba sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, na athari za namba zilizotangulia bado zinaonekana. Kenda lingali linajulikana kwa maana ya tisa. Fungate, yaani siku saba za arusi, lina undugu na fungahe, ambalo katika Kigiryama ni saba. Tatizo ni kwamba kenda, ambalo si la Kiarabu, nalo halipatani na nomino. Kumi ni neno la Kibantu, lakini hatusemi watu wakumi. Asili ya neno, basi, haitoshi kuwa maelezo.

Kiganda kinasaidia kuliona jambo hili. Namba moja hadi tano hupatana: abantu babiri, ebitabo bisatu. Kuanzia sita upatanisho hukoma: abantu mukaaga, ebitabo mukaaga. Mukaaga, musanvu, munaana na mwenda hazikukopwa kutoka Kiarabu. Ni nomino zenye viambishi vyake vya ngeli, na kiambishi kinapobadilika, ukubwa wa namba nao hubadilika: mukaaga ni 6, nkaaga ni 60, lukaaga ni 600, kakaaga ni 6,000. Kwa hiyo katika lugha hizi mbili kuna makundi mawili ya namba: ndogo, zinazofuata nomino kama vivumishi, na kubwa, zinazosimama zenyewe kama nomino. Maneno ya Kiarabu yaliingia katika lugha iliyokwisha kuwa na namba zisizopatana.

Lugha hizi hutofautiana katika nane. Mswahili husema watu wanane. Mganda husema abantu munaana, bila upatanisho. Mwanafunzi wa Kawempe anaposema watu nane, hajakisia ovyo. Anafuata mantiki ya lugha yake. Mwalimu anayejua hivyo atamwonyesha tofauti hiyo moja, badala ya kumrudisha kwenye orodha nzima.

Kijapani nacho kina seti mbili za namba. Ya asili, inayoanza hitotsu, futatsu, hufika kumi. Nyingine, inayoanza ichi, ni, ilitoka China na ndiyo inayoandamana na vihesabio vingi. Katika kuhesabu watu, mmoja na wawili hubaki na umbo la asili, hitori na futari, kisha watatu huwa sannin kwa namba ya Kichina. Huko pia namba ndogo ndizo zinazohifadhi ukale.

Vihesabio vya msafara na vya soko

Kiswahili kina vihesabio vyake, ingawa vitabu vya sarufi huviweka pembeni. Vingi vililetwa bara na biashara. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suuna wa Pili, na misafara ya pwani ikamfuata. Nguo zilihesabiwa kwa shuka, yenye mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti. Vitu vya ishirini ishirini vilikuwa korija. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yapata ratli 35. Leo doti ni jozi ya kanga, lakini ule uwili wake wa zamani haujapotea. Buganda nayo ilihesabu mali kwa kauri, ensimbi, na neno hilo sasa ndilo fedha.

Katika soko la Kalerwe, ndani ya Divisheni ya Kawempe, mnunuzi hutenganisha mkungu mzima wa ndizi na kichane kimoja, ambacho kwa Kiganda ni ekiwagu. Dhana anayo, anachohitaji ni jina la Kiswahili.

Kwa nini suala hili lina uzito

Kiswahili hakikupokewa Buganda kwa moyo mmoja. Gavana William Gowers alipokitetea mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mwaka 1929. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa wengi kilibaki lugha ya kambi za jeshi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima. Amri huweza kumleta mtoto darasani. Haiwezi kumfanya aione lugha hiyo kuwa ya jirani yake. Tunapomwambia kwamba sarufi ya namba ni mchafuko ulioletwa na Waarabu, tunathibitisha hofu ya babu zake kwamba Kiswahili ni kitu cha kigeni.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, namba zifundishwe pamoja na nomino zake tangu somo la kwanza, kama Kijapani kinavyofundishwa. Pili, vitabu vya Uganda viweke namba za Kiganda na za Kiswahili ubavu kwa ubavu, na nane ipewe somo lake. Tatu, mkungu, kichane, doti, tita na fungu viingizwe katika sarufi, visiachwe kuwa msamiati wa ziada. Mwanafunzi wa Kawempe hataanza na sifuri: hadi tano, lugha zote mbili zinamwendea sawa.