Posta ya Kiwanja cha Eropleni, Kisiwa cha Ascension

Kisiwa cha Ascension, kilichopewa jina la sikukuu ya Kupaa, ni jabali la volkano katikati ya Bahari ya Atlantiki, baina ya Afrika na Brazili. Hakikuwa na wenyeji wa asili. Lakini barua zilitangulia watu: mabaharia wa zamani walikuwa wakiziacha katika ufa wa mwamba, na nahodha mwingine akipita huzichukua na kuzipeleka mbele. Waingereza waliweka askari huko mwaka 1815, kwa ajili ya Napoleon aliyefungwa St Helena. Stampu za kisiwa chenyewe zilianza mwaka 1922, nazo zilikuwa za St Helena, zimepigwa chapa jina la Ascension juu yake.

Mambo yaligeuka mwaka 1942. Mwezi wa Machi wahandisi wa jeshi la Marekani walishuka, wakachonga kiwanja katika mwamba kwa muda wa miezi mitatu hivi, ili eropleni zitokazo Brazili zipate kutia mafuta kabla ya kuvuka hata Afrika ya Magharibi. Twaandika eropleni makusudi, maana ndege wa manyoya nao wamo katika habari hii. Kiwanja kiliitwa Wideawake, yaani walio macho kabisa, jina la ndege wa baharini wenye makelele mengi. Ndege hao walitaga karibu na njia, wakaruka makundi kwa makundi mbele ya eropleni, hata ikawa hatari. James Chapin, mjuzi wa ndege wa Kongo, aliulizwa shauri. Akasema mayai yavunjwe, ili ndege wahame.

Basi tuje kwenye barua. Askari hakuruhusiwa kutaja kisiwa. Anwani yake ilikuwa jina, kikosi, na namba ya posta ya jeshi. Afisa wake aliisoma barua, na neno lenye kufichua mahali liliondolewa. Pahali pa stampu askari aliandika neno moja tu, kuwa barua yaenda bure. Akitaka ichukuliwe na eropleni, alilipa senti 6. Tena kulikuwa na barua zilizopigwa picha ndogo katika filamu, na mzigo wa mifuko 37 ukaingia katika mfuko 1.

Kwa maoni yetu uzito wa habari ndio huu: mke alishika karatasi iliyotoka Ascension, asijue kama mumewe yu katika joto au theluji, wala kama yu karibu na vita au mbali. Leo mkusanya bahasha huitazama namba ya muhuri, akakitambua kisiwa mara moja. Mke yule hakuwa na orodha ya namba.

Wamarekani waliondoka mwaka 1947, wakarudi katika miaka ya 1950 kwa kazi ya makombora. Mwaka 1982, katika vita vya Falkland, siri ya mahali haikuwapo tena: barua za majeshi ya Uingereza zilipitia Wideawake, na mifuko mingine ilidondoshwa baharini kwa miavuli, manowari zikaiokota majini.