Kapasita Kuukuu: Historia ya Kompyuta Itazamwapo kutoka Singida

Historia ya kompyuta aghalabu husimuliwa kwa upande wa waliozibuni na kampuni zilizoziuza. Ukiitazama kutoka Singida, katikati ya Tanzania Bara, sura yake hubadilika. Huko anayeonekana mbele ni fundi, na kinachomshughulisha ni kijidude kisichozidi ncha ya kidole, kiitwacho kapasita.

Ndani ya kapasita ya elektroliti mna tabaka mbili za alumini nyembamba, zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji yapitishayo umeme. Juu ya alumini upo utando wa oksidi usioonekana kwa macho, na uzima wa kijidude chote unautegemea utando huo. Kazi yake ni kuupokea umeme unaopandashuka na kuutoa ukiwa umetulia, mfano wa mtungi upokeao maji ya bomba linalokatikakatika. Lakini majimaji yale hukauka ama huvuja, hata kama mashine imefungiwa kabatini haitumiki. Mafundi wana kanuni ya jumla: kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Ikivuja, majimaji hula njia za shaba za bodi. Katika kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zikiwamo Macintosh na Amiga, maradhi haya ni ya kawaida. Anayeyeyusha lehemu yake hukutana na harufu ya samaki aliyelala, ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa.

Kwa nini basi kompyuta kuukuu ni adimu Singida? Kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Hadi kufika 1974 mashine hizo nchini zilikuwa zahesabika kwa vidole. Mwaka huo, baada ya gharama na matatizo yaliyoikumba Wizara hiyo, serikali ilipiga marufuku kuziingiza bila ya kibali maalumu. Televisheni nazo zikazuiwa Bara. Visiwani mambo yalikuwa mengine: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka hiyohiyo ya 1970, hali Bara ilingoja hadi 1994. Masharti ya kompyuta yalilegezwa polepole kuanzia miaka ya 1980.

Marufuku hayo hulaumiwa kwa kuichelewesha nchi, na lawama hiyo ina haki yake. Lililo kosa ni kudhani kwamba katika miaka hiyo ujuzi wa elektroniki ulilala. Redio haikupigwa marufuku. Kinyume chake, serikali iliitegemea: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio za betri zilifika hata vijiji ambavyo umeme usingevifikia kwa miaka mingi. Na redio huharibika. Ikikoroma, ikififia au ikinyamaza kabisa, mara nyingi aliyelala ndani yake ni kapasita. Kwa hiyo fundi wa sokoni, mwenye meza, kipima umeme na chuma cha kulehemu, alikuwa akiitenda kazi hii hii miaka mingi kabla kompyuta haijawekwa mbele yake. Wanahistoria wa teknolojia nchini wameandika mengi juu ya kamati na sera. Mtu huyu wamempita.

Kompyuta zilipoanza kuenea mikoani, nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani. Bahati mbaya, miaka hiyo ilikuwa ya balaa la kapasita: tangu mwaka 1999 hivi hadi 2007, zilitengenezwa kapasita zenye majimaji mabovu, hasa Taiwan, zikavimba na kupasuka kabla ya wakati. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kompyuta zake za Optiplex. Mnunuzi wa mtumba hakuwa na kampuni ya kuidai. Alikuwa na fundi, joto, vumbi la Singida na umeme wa kukatikakatika.

Kinachoweza kupotea hapa ni kikubwa kuliko mashine. Hesabu za chama cha ushirika au matokeo ya shule, yakiwa yaliandikwa kwa programu ya zamani na kuwekwa kwenye diski za inchi tano na robo, hayasomeki ila kwa mashine ya rika lake. Mashine hiyo ikifa, karatasi haipo ya kushuhudia.

Wako wahifadhi wanaosema kwamba kubadili sehemu ni kuuharibu ushahidi. Hoja hiyo ingemshangaza nahodha. Jahazi hukalafatiwa upya, hutiwa pamba na sifa, na hakuna asemaye kwamba limekuwa jahazi jingine. La muhimu ni kuweka kumbukumbu ya kilichotolewa. Fundi mwangalifu huchora kwanza bodi na kuandika kila kapasita ilikokaa, upande wake hasi, mikrofaradi zake na volti zake. Mpya huwa na mikrofaradi zilezile. Volti zaweza kuzidi, zisipungue. Kuukuu hutiwa kifukoni, hazitupwi. Bodi huoshwa kwa spiriti, njia zilizoliwa huungwa kwa waya mwembamba.

Kisha umeme hauwashwi kwa pupa. Ugavi wa umeme hujaribiwa peke yake kwanza, ukiwa umeunganishwa kwa mfuatano na balbu ya kawaida. Balbu ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, pana mahali panapopitisha umeme ovyo, na fundi huchomoa. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, hurudisha bodi mahali pake.