Kiongozi na Njia: Urithi wa Ella Baker na Robert Moses katika Madai ya Usawa wa Rangi Nchini Marekani

Utangulizi

Neno kiongozi limetokana na kitenzi ongoza, ambacho maana yake ya msingi ni kuonyesha njia. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi akiwa na bendera. Hakuwa mwenye msafara wala mwenye mali. Cheo chake kilitokana na kuijua njia. Katika matumizi ya leo neno kiongozi limeelemea zaidi upande wa mamlaka: ni mkubwa mwenye kauli ambaye wengine humfuata. Tofauti ya maana hizi mbili inasaidia kuufafanua mvutano uliokuwamo ndani ya harakati za haki za kiraia nchini Marekani, mvutano ambao haujakwisha katika madai ya usawa wa rangi ya leo.

Historia ya harakati hizo aghalabu husimuliwa kupitia kwa mtu mmoja, Martin Luther King, na hotuba aliyoitoa Washington tarehe 28 Agosti 1963. Hotuba ile ilistahili sifa iliyoipata. Hata hivyo, hoja ya mhadhara huu ni kwamba sehemu ya urithi iliyo ngumu zaidi kufutika haikutoka jukwaani. Ilitoka katika kazi ya polepole ya kuwaandaa watu wa kawaida wajiongoze wenyewe, na mfano wake ulio wazi ni maisha ya Ella Baker na Robert Moses.

Fikra za Ella Baker

Ella Baker (1903–1986) alizaliwa Norfolk, Virginia, na kusoma katika Chuo Kikuu cha Shaw, North Carolina. Katika miaka ya 1940 alizunguka majimbo ya Kusini kwa niaba ya chama cha NAACP akiimarisha matawi yake. Mwaka 1957, King na wachungaji wenzake walipounda jumuiya ya SCLC, Baker ndiye aliyeipangia ofisi mjini Atlanta. Humo aliiona kasoro kubwa. Wachungaji wanaume walisimama mbele, ilhali wanawake waliojaza makanisa na kupita nyumba kwa nyumba hawakusikilizwa katika maamuzi. Kwa maoni yake, watu walio imara hawahitaji shujaa mmoja wa kumtegemea, na umma uliozoea kumngoja mkombozi hubaki yatima anapouawa au anapokosea.

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi waliketi katika kaunta ya chakula ya duka mjini Greensboro, mahali walipotengewa weupe peke yao. Mgomo huo ulienea haraka katika miji mingine. Mwezi Aprili Baker aliwakutanisha wanafunzi hao Shaw. Wapo waliotaka vijana wawe tawi la SCLC. Baker aliwatia moyo waunde chombo chao wenyewe. Ndipo ilipozaliwa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa ufupisho wa SNCC.

Mississippi, 1960–1965

Robert Moses (1935–2021) alikuwa mwalimu wa hisabati kutoka New York. Alipofika Mississippi mwaka 1960 hakuwaletea wenyeji mpango wake. Alimsikiliza Amzie Moore, mwanaharakati wa huko, ambaye alimweleza kuwa hitaji la watu wake lilikuwa kura. Sheria ya jimbo ilimtaka anayejiandikisha kupiga kura afafanue kifungu cha katiba ya jimbo kwa namna itakayomridhisha mwandikishaji, na mwandikishaji alikuwa mzungu. Watu walionyimwa shule kwa vizazi kadhaa walizuiwa tena kwa kukosa elimu hiyohiyo. Juu ya mtihani huo kulikuwa na bunduki. Septemba 1961 Herbert Lee, mkulima aliyesaidia kazi hiyo, alipigwa risasi na kuuawa na mjumbe wa bunge la jimbo, ambaye hakuadhibiwa.

Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mwenye umri wa miaka 44, alikwenda mjini Indianola kujiandikisha. Siku hiyohiyo alifukuzwa katika shamba alilolitumikia kwa miaka 18. Miaka miwili baadaye alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Chama cha Democratic mjini Atlantic City, na taifa likamsikia kupitia televisheni. Hakuwa na shahada wala cheo. Huyo ndiye aina ya kiongozi ambaye Baker alikusudia apatikane.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Kabla yake, asilimia 6.7 tu ya watu weusi wa Mississippi waliostahili kupiga kura ndio waliokuwa wameandikishwa; kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60.

Kutoka Same hadi darasani Marekani

Mwaka 1966 Moses alihamia Kanada akikwepa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1969 yeye na mkewe Janet walifika Tanzania, nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea miaka miwili kabla. Walifundisha Same, mkoani Kilimanjaro, hadi mwaka 1976. Mwanaharakati wa kura alikuwa amerudia ualimu wake.

Aliporejea Marekani aliona kwamba watoto wengi wa kimaskini na weusi hawakufikishwa kwenye aljebra, somo lililofungua mlango wa chuo kikuu na wa kazi katika zama za kompyuta. Mwaka 1982 alianzisha Mradi wa Aljebra. Hoja yake ilikuwa kwamba kukosa hisabati kungemfunga mtoto wa sasa kama kutojua kusoma kulivyomfunga mkulima wa Mississippi. Mbinu haikubadilika: mwalimu alianza na maisha ya mwanafunzi. Watoto walipanda treni ya mjini, wakahesabu vituo vya kwenda na vya kurudi, na kwa safari hiyo wakaielewa dhana ya namba chanya na hasi.

Urithi katika karne ya 21

Mwaka 2013 urithi huu ulijaribiwa mara mbili. Tarehe 25 Juni Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha kifungu cha Sheria ya 1965 kilichoainisha majimbo yaliyopaswa kupata idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Muswada wa kurejesha ulinzi huo, uliopewa jina la John Lewis, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa SNCC, ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2021 lakini ukakwama katika Seneti.

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 2013, baada ya kuachiwa huru kwa mtu aliyemuua kijana Trayvon Martin, wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, walianzisha Black Lives Matter. Vuguvugu hilo lilikataa kuwa na kiongozi mmoja na likadai kuwa limejaa viongozi. Katika dai hilo fikra za Baker zinatambulika waziwazi. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, maandamano yalienea katika mamia ya miji.

Hata hivyo, kufanana huko kusipewe uzito kupita kiasi. Wafanyakazi wa SNCC waliishi miezi na miaka katika kijiji kimoja, ilhali umati unaoitwa kwa simu hukusanyika upesi na unaweza kutawanyika upesi. Aidha, uongozi uliosambaa huzua maswali magumu: nani asemaye kwa niaba ya wote, na nani atoe hesabu ya fedha? SNCC yenyewe haikuepuka mgawanyiko, hasa baada ya 1966. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale tu wengi hao wanapokuwa wamefundishwa kukaa kikao, kubishana na kuamua.

Hitimisho

King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na sheria aliyoipigania ikapunguzwa nguvu na mahakama miaka 45 baadaye. Hali hizo mbili zinaonyesha hatari ya kuuhifadhi urithi katika mtu mmoja au katika maandishi ya sheria peke yake. Alichojifunza mwanakijiji, yaani kuitisha mkutano, kusoma sheria inayomhusu na kumfundisha jirani yake, hakifutwi kwa hukumu ya mahakama. Kwa maana ya kale ya neno lenyewe, Baker na Moses walikuwa viongozi kwa sababu waliijua njia na wakawafundisha wengine kuipita.