Mrututu na Karatasi ya Pliny

Tuliosoma kemia sekondari tunayakumbuka mazoezi yale ya maabara. Unatia matone ya kostiki kwenye mmumunyo usiojulikana. Mashapo yakitoka buluu, hiyo shaba. Yakitoka kijani kichafu ni chuma, na yakitoka rangi ya kutu ni chuma vilevile, ila kimepoteza elektroni moja zaidi. Tulikariri jedwali tukafaulu. Nani aliyaanza haya, na alikuwa anatafuta nini, hatukuambiwa.

Alikuwa anatafuta matapeli. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79 Vesuvius ilipolipuka, aliandika kuhusu wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya kutu ya shaba, bidhaa ya dawa, na chumvi ya chuma ambayo mafundi viatu walitumia kutia ngozi weusi. Kwa macho huwajui. Basi, anasema, loweka karatasi ya mafunjo kwenye maji ya vivimbe vya mti wa mwaloni, kisha ipake ile bidhaa. Ikigeuka nyeusi, umeuziwa chuma.

Karne hiyohiyo baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, jina lake halijulikani, aliielezea pwani yetu, akataja mikuki ya Muza huko Yemen, shoka na visu vilivyoletwa huku kuuzwa. Kwa hiyo madini yalikuwa biashara huku kama kule.

Kinachofanya kazi kwenye karatasi ya Pliny ni tanini. Mwaloni Unguja hatuna, lakini tanini tunayo tele: imo kwenye maganda ya mikoko ya ghuba ya Chwaka, na maganda ya mikoko ya pwani hii yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Imo hata kwenye chai ya rangi. Hebu laza msumari kwenye siki usiku kucha, kisha dondosha matone yake kwenye kikombe cha chai. Inakuwa wino. Bibi anayeyakataa maji ya kisima fulani kwa sababu yanaitia chai weusi keshapima, na kapima sawasawa.

Mpangilio tunaoufuata maabara, hatua kwa hatua, unadaiwa sana na Mjerumani Fresenius, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1841. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na namna tunavyofundisha. Leo Tunguu ina vyuo vikuu viwili, SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar, na vijana wanaofika huko wamejifunza salfeti ya shaba kwa Kiingereza. Wangapi wanajua kwamba ndiyo mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wazee walipaka kwenye vidonda? Neno lipo kwenye kamusi na dawa ilikuwepo nyumbani, lakini mtoto anakutana nayo kwenye chupa ya maabara kama mgeni.

Mimi ningeanzia hapo. Mrututu mezani, ya chuma pembeni, vikombe viwili vya chai ya rangi, na swali moja: ni upi uliochanganywa?